Somo la Robo Hii: Tunarusha Mshipi, Haturushi Inzi



Safari hii tunajifunza jambo ambalo wengi wanaoishi kando ya mito ya milimani wameliona bila kulielewa. Mtu amesimama kwenye maji ya baridi, ufito mrefu mkononi. Mshipi mnene wa rangi unapaa nyuma yake, unarudi mbele, unapaa nyuma tena, kisha unatua juu ya maji polepole kama jani. Mwishoni mwa mshipi huo hakuna mnyoo wala kipande cha nyama. Kuna ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Huu ndio uvuvi wa inzi bandia, na samaki anayetafutwa ni trauti.

Trauti si samaki wa asili wa kwetu. Waliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, wakapandikizwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Leo wapo katika mito mingi ya Aberdare na ya Mlima Kenya. Wavuvi wa burudani huwafuata huko, na baadhi yao hulipa ili waongozwe. Kijana anayejua mto, mwenye leseni, na anayeweza kumsaidia mgeni kurusha vizuri, amepata kazi ya heshima. Kwa sababu hiyo baadhi ya kamati zimeuliza: je, vijana wetu wanaweza kufundishwa? Na wafadhili wameuliza: je, tutume vifaa gani?

Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo limo katika fizikia ya mrusho. Asiyeielewa atawafundisha vijana kutumia misuli, nao watachoka na kukata tamaa wiki ya kwanza. Atanunua fito zisizolingana na mishipi yake, na sadaka ya watu italala stoo. Tena ndoana inayopita hewani bila utaratibu inaweza kumtoa mtu jicho. Kwa hiyo tusome taratibu, hatua kwa hatua.

1. Uzito uko wapi?

Tuanze na jaribio dogo. Chukua jiwe dogo ulirushe. Litakwenda mbali. Sasa chukua unyoya wa kuku uurushe kwa nguvu zako zote. Utaanguka karibu na miguu yako. Mkono ni ule ule. Tofauti ni kwamba jiwe lina uzito wa kutosha kulishinda zuio la hewa, na unyoya hauna.

Mvuvi wa baharini anayerusha mshipi kutoka ufukweni hufunga risasi karibu na ndoana. Risasi ndiyo inayoruka, nayo huuvuta mshipi mwembamba nyuma yake. Lakini inzi bandia mdogo hafiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Ni kama unyoya. Hawezi kuvuta kitu chochote.

Hapa ndipo ulipo ufunguo wa somo lote: katika uvuvi huu uzito umehamishwa kutoka kwenye ndoana na kuwekwa ndani ya mshipi wenyewe. Mshipi ni mnene na mzito, na mwishoni umeunganishwa na uzi mwembamba usioonekana vizuri majini, wenye urefu wa mita 2 hadi 3. Inzi hufungwa kwenye uzi huo. Tunarusha mshipi, inzi ni abiria tu.

Tangu miaka ya 1960 watengenezaji hutumia namba kupima uzito wa mishipi. Hupimwa sehemu ya mbele yenye urefu wa mita 9.14, yaani futi 30. Sehemu hiyo katika mshipi namba 3 ina gramu 6.5 hivi, namba 5 ina gramu 9.1, na namba 8 ina gramu 13.6. Namba hii tutairudia tutakapofika kwenye vifaa.

2. Je, nguvu nyingi zinahitajika?

Tuhesabu pamoja. Chukua mita 9 za mshipi namba 5, yaani gramu 9 hivi. Tuseme mshipi huo unaruka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mara kasi: nusu ya 0.009, mara 20, mara 20. Jibu ni jouli 1.8.

Jouli 1.8 ni kiasi gani? Ni sawa na kuliinua chungwa la gramu 180 kwa urefu wa mita moja. Basi! Ni kweli kwamba nguvu nyingine hutumika kuusukuma ufito wenyewe na kuikata hewa. Hata hivyo hesabu inatuonyesha wazi kwamba kazi hii haidai misuli. Msichana wa miaka kumi na miwili anaweza kurusha vizuri. Mzee aliyestaafu anaweza. Kamati zinazochagua vijana wa kufundishwa zisitazame mabega mapana.

Kinachodaiwa ni mpangilio wa wakati, nao ndio tunaoutazama sasa.

3. Ufito ni wenzo, tena ni springi

Tunafahamu mtaimbo. Mkono hutembea mbali, jiwe husogea kidogo, lakini kwa nguvu kubwa. Ufito ni kinyume cha mtaimbo: mkono hutembea kidogo, ncha hutembea mbali. Ufito wa mita 2.7 ukizungushwa digrii 60, sehemu ya mpini iliyo sentimita 15 kutoka mwisho husafiri sentimita 16 tu. Ncha, kama ufito haukujipinda, husafiri karibu mita 2.8 katika muda ule ule. Tunapoteza nguvu na kupata kasi. Kwa kuwa mzigo ni gramu chache, biashara hiyo inatufaa.

Ufito pia ni springi. Mshipi unapokataa kuondoka mahali ulipo, ufito hujipinda na kuhifadhi nishati. Mkono ukisimama, ufito hujinyoosha na kuirudisha nishati hiyo kwa mshipi. Wengi hudhani springi hii ndiyo inayofanya kazi yote, kama upinde na mshale. Vipimo vilivyofanywa na watafiti vinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya kasi ya mshipi hutokana na wenzo, na sehemu ndogo zaidi hutokana na springi. Faida kubwa ya kujipinda ni nyingine, na tutaiona katika sehemu ya tano.

4. Kusimama ghafla

Watoto wanaochunga mifugo wanaujua mchezo huu. Hubandika donge la udongo kwenye ncha ya kifimbo kinachonesa, kisha hukizungusha na kukisimamisha ghafla. Donge hutoka na kwenda mbali ajabu. Mtoto asiposimamisha kifimbo, donge halitoki pale anapotaka. Huchelewa na kupiga ardhi mbele ya miguu yake.

Mrusho wa mshipi ni vivyo hivyo. Mkono huanza polepole, huongeza kasi kwa mfululizo, kisha husimama ghafla. Ncha inapopunguza mwendo, mshipi uliokuwa ukiifuata hauna sababu ya kupunguza. Ni kanuni ya kwanza ya Newton: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kani nyingine ikizuie. Mshipi huipita ncha na kuendelea mbele. Mrusho umezaliwa.

Basi yapo mambo matatu kwa mpangilio huu: kuanza polepole, kuongeza kasi bila kushtua, kusimama. Anayeanza kwa kishindo huupinda ufito mapema mno. Anayemaliza kwa kulegea huimwaga nishati hewani bila faida. Mwalimu akiona mshipi unaanguka kama tambi, asimwambie mwanafunzi "ongeza nguvu." Amwambie "simamisha."

5. Mkunjo na njia ya ncha

Mshipi ukishaipita ncha huonekana kama herufi U iliyolala ubavu. Upande wa chini umeshikwa na ncha ya ufito na umetulia. Upande wa juu unakwenda mbele. Kati yao pana mkunjo unaosafiri kuelekea mwisho wa mshipi.

Hapa pana jambo la kupendeza. Kadiri mkunjo unavyokwenda mbele, sehemu ya mshipi inayotembea hupungua, kwa sababu sehemu nyingine imeshaungana na upande uliotulia. Nishati iliyokuwa imegawanywa katika mshipi mrefu sasa inabebwa na mshipi mfupi. Kama hewa isingekuwapo, sehemu inayotembea ikibaki nusu, kasi yake ingepanda mara 1.4, kutoka mita 20 hadi mita 28 kwa sekunde. Mjeledi unalia kwa sababu ya kanuni hii hii. Katika uvuvi hewa hula sehemu kubwa ya ongezeko hilo, nasi tunashukuru, kwa kuwa tunataka inzi atue kwa upole asimshtue samaki.

Mkunjo mwembamba hupenya hewa vizuri. Mkunjo mpana hubeba hewa kama mwavuli uliofunguliwa, na upepo kidogo tu huurudisha. Nini kinachoamua upana wake? Ni njia iliyopitiwa na ncha. Mshipi hufuata ncha. Hauna akili nyingine.

Ncha ikipita katika mstari ulionyooka, mkunjo huwa mwembamba. Ncha ikichora upinde kama wa mvua, mkunjo huwa mpana. Ncha ikizama katikati ya safari na kuinuka mwishoni, upande wa juu wa mshipi huushukia ule wa chini, nao hugongana na kufunga mafundo. Wavuvi huyasingizia upepo mafundo hayo, lakini mara nyingi chanzo chake ni mkono ulioshtua ufito.

Sasa msomaji makini atauliza: kitu kinachozunguka huchora duara, itakuwaje ncha ipite katika mstari ulionyooka? Jibu ni ule ufito kujipinda. Katika mzunguko wa digrii 60 wa ufito wa mita 2.7, ncha ya ufito mgumu kama chuma ingepanda sentimita 36 katikati ya safari kisha ingeshuka tena. Ufito unaonesa hujipinda zaidi hapo katikati, hufupika kwa kiasi hicho, na ncha hubaki katika mstari. Mkono nao husaidia kwa kusogea mbele.

Kutokana na hilo tunapata kanuni ya kazi: mshipi mfupi ni mwepesi, huupinda ufito kidogo, hivyo mzunguko uwe mdogo. Mshipi mrefu ni mzito, huupinda ufito sana, hivyo mzunguko uwe mkubwa. Mwanafunzi anayetumia mzunguko mmoja kwa umbali wote atafaulu kwa umbali mmoja tu.

6. Kungoja

Mrusho wa nyuma na wa mbele ni ndugu wawili, na wa nyuma ndiye mkubwa. Ukiharibika huo, wa mbele hauponi.

Mshipi unapokwenda nyuma unahitaji muda wa kujinyoosha. Ukivuta mapema, bado umekunjika. Nusu ya safari ya mkono wako itatumika kuondoa ulegevu, na mshipi unaweza kulia kama mjeledi na kumkata inzi. Ukichelewa mno, mshipi huanguka. Kitu kilichoachwa huru huanguka mita 1.2 katika nusu sekunde. Hewa hupunguza kidogo mwanguko wa mshipi, lakini hesabu inatosha kutuonyesha kwa nini mrusho wa nyuma uelekezwe juu kidogo, wala usielekezwe kwenye nyasi.

Muda wa kungoja haulingani siku zote. Mshipi mrefu unadai kungoja zaidi kuliko mfupi. Njia rahisi ya kujifunza ni kugeuza kichwa na kuutazama mshipi wako nyuma. Wengi huona haya kugeuka. Wasione haya; wavuvi wazoefu nao hugeuka.

Vivyo hivyo, kabla ya kuuinua mshipi kutoka majini, shusha ncha karibu na maji na uvute ulegevu wote. Ulegevu ni safari ya mkono isiyofanya kazi.

7. Pale ambapo nyuma kuna miti

Mito mingi ya milimani hupita msituni, na nyuma ya mvuvi mna matawi. Hapo hutumika mrusho wa kuviringisha. Mvuvi huurudisha ufito polepole mpaka mshipi uning'inie nyuma ya bega lake kama tumbo la herufi D, huku sehemu ya mbele ikiwa bado imelala juu ya maji. Kisha hurusha mbele kama kawaida na kusimama. Maji huishika sehemu ile ya mshipi na kuwa nanga, na mshipi uliobaki hujiviringisha mbele juu yake. Kwa kuwa nanga ndiyo msingi, mrusho huu haufanyi vizuri kwenye nyasi kavu. Ufundishwe majini.

8. Neno kwa wafadhili

Kwa yale tuliyojifunza, mtaona kwa nini tunasema ufito bila mshipi wake ni fimbo tu. Kabla ya kutoa ufito, soma juu ya mpini: kwa kawaida pameandikwa urefu na namba. Mshipi uwe wa namba hiyo. Kwa mito midogo, ambako mrusho wa mita 6 unatosha, mshipi mzito zaidi kwa namba moja humsaidia mwanafunzi, kwa kuwa ufito hujipinda hata mshipi uliotoka ukiwa mfupi. Kwa anayeanza, ufito wa mita 2.6 hadi 2.7 wenye namba 5 au 6 unafaa.

Fito tano zilizokamilika, kila moja na mshipi wake, kigurudumu cha kuukunjia na nyuzi nyembamba za mwisho, ni bora kuliko fito ishirini zisizo na mishipi. Kabla ya kutuma mshipi uliotumika, upinde kwa vidole. Ukiwa na nyufa, usiutume.

Kwa kamati: osheni mishipi kwa maji yenye sabuni kidogo na kuifuta. Uchafu huongeza msuguano na mshipi hautelezi. Petroli na baadhi ya dawa za kufukuza mbu huharibu ngozi ya plastiki ya mshipi, hivyo mikono ioshwe kwanza.

9. Usalama kwanza

• Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa. Kila anayerusha au kusimama karibu avae miwani na kofia.
• Mazoezi yote ya kwanza yafanywe bila ndoana. Fungeni kijifundo cha sufi mahali pa inzi.
• Upepo ukivuma kutoka upande wa mkono unaorusha, huuleta mshipi mwilini. Geuka, au rusha juu ya bega la pili.
• Fito nyingi za leo zimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, nazo hupitisha umeme. Msirushe chini ya nyaya za umeme, na radi ikianza lazeni fito chini na kuondoka.

10. Zoezi la kufanya kabla ya kununua chochote

Tafuteni kijiti kinachonesa chenye urefu wa mita moja. Fungeni kwenye ncha yake mita 4 hivi za uzi mnene wa sufi wa kufumia. Simameni uwanjani na kurusha mbele na nyuma. Uzi huu una uzito ndani yake, kama mshipi, nao utaonyesha mkunjo mwembamba, mkunjo mpana na kugongana, kulingana na mkono wenu. Kijana akifaulu kwa kijiti hiki, ufito hautampa shida kubwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kwa nini risasi haihitajiki katika uvuvi wa inzi bandia?
2. Kijana anatumia nguvu nyingi lakini mshipi unaanguka karibu. Mtamuuliza au kumwonyesha nini kwanza?
3. Je, katika parokia yetu mna vifaa vilivyotolewa bila viungo vyake? Vinahitaji nini ili vitumike?
4. Nani katika parokia yetu tulimwacha nje ya mafunzo haya kwa kudhani hana nguvu?

Tafadhali someni somo hili pamoja na vijana wenyewe, na mfanye zoezi la kijiti siku hiyo hiyo. Dakika kumi za sufi na kijiti zitafundisha zaidi ya kurasa hizi.